Nani Anasema Pombe Iko Tayari?

Katika vitabu vyetu vya mila tumezoea kuandika juu ya mambo makubwa: ndoa na mahari, matanga, mapacha, ngoma za babu zetu. Mimi leo naleta jambo dogo, linaloishia kwenye mdomo wa chupa. Mama anayepika pombe nyumbani, hapa Kisangani, anajuaje kwamba pombe yake iko tayari kuingia chupani na kufungwa? Mwingine atacheka na kusema hilo ni swali la jikoni, waachie wamama. Lakini nimelibeba swali hili miaka mingi, na nimeona kwamba ni swali la ukweli na uongo. Kusema "iko tayari" ni kumpa mtu mwingine neno lako, naye atakunywa hilo neno bila kuweza kulichunguza.

Kwanza, mtungi

Tuanze zamani kidogo, kabla ya chupa. Tuchukue kasiksi, pombe ya ndizi, ambayo ndugu zetu wa upande wa Kivu walikuja nayo mpaka huku. Ndizi mbichi zinafukiwa shimoni ndani ya majani, siku kadhaa, mpaka ziive kwa joto. Zinamenywa, zinakandwa pamoja na majani makavu mpaka maji yake yatoke matamu. Yanachujwa, yanaongezwa maji, halafu unga wa mtama uliokaangwa. Chombo kinafunikwa. Kesho yake utasikia kinachemka bila moto. Siku ya pili ao ya tatu watu wanakunywa.

Malafu ya mngazi ni ya haraka zaidi. Mgema akishuka asubuhi, kitu ni kitamu, mtoto anaweza kuonja. Saa tisa ya mchana kimekuwa cha watu wazima. Kesho kimeshika ukali, na siku inayofuata kinaelekea siki. Ndiyo sababu mnywaji wa zamani hakuuliza "iko tayari?" Aliuliza "ni ya asubuhi ao ya jana?" Hakuna aliyedai kwamba malafu yamefika mwisho. Kila mtu alijua kwamba anakunywa kitu kilicho njiani, na alichagua mwenyewe apande wapi.

Tukumbuke pia adabu ya kuonja. Mwenye pombe anakunywa wa kwanza, mbele ya macho ya wageni, halafu anawapa. Wengi tunaeleza kwamba ni kuonyesha kwamba hakuna sumu. Ni kweli, lakini kuna zaidi. Anayeonja mbele ya watu anaweka ulimi wake kuwa shahidi, na wageni wakishaonja wanaweza kusema "bado, mama, ingali tamu," ao "imepita." Hukumu ilikuwa ya watu wengi, na mtungi ulikuwa wazi. Hata aliyekosea, kosa lake lilionekana palepale na kurekebishwa kwa kungoja kidogo.

Halafu chupa ikafika

Chupa ilibadilisha mambo, na sisi hatukuangalia sana. Chupa ya Primus ya sentilita 72 iko katika kila parsele. Ikiisha bia inabaki kuwa na kazi: kuweka mawese, mafuta ya taa, asali. Na wakati wa vita, tangu 1998, njia ya mto kati yetu na Kinshasa ilipofungwa na kila kitu kikawa kigumu kupata, pombe ya nyumbani ilipata heshima mpya. Mama anayepika hakungoja wateja waje kwenye mtungi. Alijaza chupa, akazifunga kwa nguvu, na kijana wa toleka akazipeleka kwa baiskeli mpaka nganda ya mbali. Ni jambo zuri. Chupa inasafiri, inahesabika, inauzwa kwa bei moja.

Lakini angalieni kilichotokea. Kwa mtungi, mpishi na mnywaji walihukumu pamoja. Kwa chupa, mpishi anahukumu peke yake, mapema, kwa niaba ya mtu asiyemjua. Mnywaji anapokea kitu kilichofungwa. Haki yake ya kusema "bado" imechukuliwa, na alichobaki nacho ni imani. Nadhani hapa ndipo swali la jikoni linageuka kuwa swali la maadili. Ukimnyima mtu nafasi ya kuchunguza, deni lako la kuchunguza linaongezeka.

Kinachofanyika ndani

Ili tusibaki katika maneno matupu, tuangalie kitu chenyewe. Louis Pasteur, Mfaransa, aliandika kuanzia 1857 kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai vidogo, na mwaka 1876 alitoa kitabu kizima juu ya bia. Chachu inakula sukari na kutoa vitu viwili: pombe na gazi. Kwa gramu 100 za sukari, karibu nusu inakuwa pombe na karibu nusu inakuwa gazi. Katika mtungi, gazi inapanda juu na kwenda zake. Ndiyo ile sauti ya kuchemka. Katika chupa iliyofungwa haina pa kwenda.

Hesabu yake si ngumu. Gramu 4 za sukari zikichachuka katika lita moja zinatoa karibu lita moja ya gazi. Bia ya kiwanda inabeba karibu lita 2 na nusu za gazi kwa kila lita ya bia, na chupa yake imetengenezwa kwa mzigo wa namna hiyo. Sasa fikiri malafu mabichi, ambayo kila lita inaweza kuwa na gramu 100 za sukari. Ukiyafunga yakiwa hivyo, unadai chupa ishike lita 25 za gazi kwa lita moja. Hakuna kioo cha nyumbani kitakachokubali. Hata sukari kidogo iliyobaki, gramu 20 tu, inatoa lita 5, mara mbili ya mzigo wa kawaida. Chupa iliyozeeka, yenye ufa usioonekana, itasema yote usiku mmoja wa joto.

Kwa nini basi Primus haipasuki kwenye kasie? Kwa sababu viwanda vingi vikishamaliza kazi vinapitisha bia katika joto la karibu nyuzi 60, na chachu inakufa. Bia ya kiwanda iko tayari kama vile marehemu yuko tayari: haitabadilika tena. Pombe yetu ya nyumbani inaingia chupani ikiwa hai. Kwa hiyo neno "tayari" halina maana moja kwa hizo mbili, na anayepika nyumbani hawezi kuazima utulivu wa kiwanda kwa kuazima chupa yake.

Masikio ya tantine

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, ambayo si ya kujivunia.

Tantine wangu, mdogo wa mama, alikuwa anapika kasiksi katika parsele yetu. Alijifunza kwao na mama mkwe wake, na hakusoma shule zaidi ya miaka minne. Alikuwa na vipimo vitatu. Asubuhi, kabla watu hawajaamka na kelele kuanza, aliinama akatega sikio kwenye bido. Halafu alimulika kwa tochi aone kama povu limeshuka na maji ya juu yameanza kuwa meupe. Mwisho alionja kwa kijiko cha mti, akakaa kimya kidogo kabla ya kumeza. Na hata vipimo vyote vitatu vikikubali, alisema: "Usiku moja tena." Sikuwahi kumuona akifunga siku ileile aliyosema ni nzuri.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa namchokoza: "Tantine, iko tayari?" Anajibu: "Weye ilikuambia? Mimi haiyaniambia." Siku nyingine nikamuuliza kwa nini hafungi, na kila mtu anaona povu limekwisha. Akasema: "Ingali inaongea. Mtu mwenye angali anaongea, hawamufungake kinywa."

Mwaka niliokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilipata kwa mwenzangu densimeta, ile bomba ya kioo inayoelea katika maji. Katika maji safi inasoma 1000. Katika maji ya ndizi yenye sukari inaelea juu na kusoma, tuseme, 1050. Chachu ikila sukari inazama polepole, mpaka ifike karibu 1010 ao chini zaidi na kusimama. Ni chombo kizuri, na sheria yake ni moja: namba isibadilike kwa siku tatu zinazofuatana. Namba ya siku moja inakuambia pombe imefika wapi. Haikuambii kama imesimama.

Mwezi ule ulikuwa wa minervali. Ndugu yangu mdogo alikuwa amefukuzwa darasani, na mtu wa nganda alikuwa ameagiza kasie mbili kwa arusi ya Jumamosi. Nikapima siku ya Alhamisi: 1020. Nikajiambia kwamba ndizi za safari hii zilikuwa nzito, kwamba pengine 1020 ndiyo mwisho wake. Tantine akaonja na kusema: "Ingali na sukari." Nikamwambia: "Tantine, chombo kinaonyesha." Akaniuliza: "Chombo kilionja?" Nikakasirika kidogo, ninyi mnajua kiburi cha mwanafunzi. Mwishowe akasema, bila hasira: "Weye ulisoma, mimi sikusoma. Kama unasema iko tayari, funga. Lakini ile chupa itakuwa na jina yako."

Nikafunga. Kutoka 1020 mpaka 1010 ni karibu gramu 20 za sukari kwa lita, ile hesabu niliyowaonyesha juu. Nilikuwa naijua. Chupa ya kwanza ilipasuka usiku wa Ijumaa katika chumba, tukasema ni bahati mbaya, chupa ya zamani. Nikaona dalili nikaipa jina lingine. Ya pili ilipasuka Jumamosi mkononi mwa kijana aliyekuwa anazishusha kwenye baiskeli. Kioo kilikata kiganja chake mpaka kwenye mshipa wa kidole gumba. Alipona, lakini kile kidole hakikunji tena vizuri, na kazi yake ilikuwa ya kushika usukani na breki. Pesa ya kasie mbili iliishia kwenye matibabu, na ndugu yangu akakaa nyumbani mwezi mzima zaidi.

Kosa lilikuwa wapi?

Watu walisema nilidharau mila kwa kuamini chombo cha wazungu. Sikubali. Densimeta haikusema uongo. Ingesomwa siku tatu ingekuwa upande wa tantine, kwa sababu sikio lake na ile bomba vilikuwa vinatafuta kitu kimoja: kama pombe imesimama. Wengine walisema ni ujinga wa wamama kuuza pombe katika chupa. Hao nao sikubali, kwa sababu mama huyo ndiye aliyekuwa anakataa.

Kosa lilikuwa kwamba nilitaka iwe tayari, na kutaka kwangu nikakuita kipimo. Nilichukua namba moja kati ya tatu, ile iliyofika wakati wa haja yangu. Ingekuwa hakuna arusi Jumamosi, ningengoja. Kwa hiyo kilichoamua siku ya kufunga ni haja ya mpishi, na pombe yenyewe haikuulizwa. Hilo linaweza kumpata mwenye densimeta na asiyekuwa nayo. Hata ulimi unaweza kuhongwa na njaa.

Najua jibu ambalo msomaji atanipa, kwa sababu mimi mwenyewe nilijipa. Haja ile ilikuwa ya kweli. Mtoto nje ya shule naye ni jeraha. Hapa kwetu, nani anaweza kungoja? Ngoja ya tajiri ni subira, ngoja ya maskini ni njaa. Siwezi kulikana. Lakini tuangalie vizuri ni nani aliyelipa. Haja ilikuwa yangu, hatari nikampa kijana wa baiskeli, na sikumwambia. Ningemwambia "kaka, hizi chupa zingali na nguvu, zibebe polepole, zifunguliwe leo hii," angeweza kukataa, ao kuomba bei nyingine, ao kuvaa kitambaa mikononi. Haja inaweza kunipa ruhusa ya kujihatarisha mwenyewe. Hainipi ruhusa ya kumfunika mwenzangu macho.

Tayari si mwisho

Kuna jibu lingine lenye akili zaidi. Mtu atasema: unadai tungoje mpaka kila kitu kiishe, lakini pombe ikingoja sana inakuwa siki. Malafu yakifika mwisho hayanywiki. Kwa hiyo "tayari" ni uongo mtamu tu, kila mpishi anakata njiani.

Ni kweli, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Wapishi wa bia ya nyumbani katika nchi nyingi, pombe yao ikishasimama kabisa, wanaongeza sukari tena kidogo, gramu 6 ao 7 kwa lita, ndipo wanafunga. Sukari hiyo inatoa karibu lita moja na nusu ya gazi, bia inapata povu, na chupa inashika. Fikirini: mimi nilifunga juu ya sukari, na wao wanafunga juu ya sukari. Chachu ni ileile na gazi ni ileile. Tofauti ni kwamba wao wanajua ni gramu ngapi, na mimi sikujua, ao sikutaka kujua. Basi kuwa tayari hakumaanishi kwamba hakuna kilichobaki. Kunamaanisha kwamba kilichobaki kinajulikana, na chombo kinaweza kukibeba.

Mfano wa pili wako kwa majirani wetu wa kusini na mashariki. Zambia, Malawi, Zimbabwe, na Tanzania pia, kuna pombe ya nafaka inayoitwa Chibuku, iliyojulikana sana katika pakiti ya karatasi. Ile ya kawaida inauzwa ikiwa bado inachachuka. Pakiti haizibwi kabisa, gazi inapata njia ya kutoka, na mnywaji anajua kwamba ya siku ya kwanza si ya siku ya nne. Walipotaka kuifunga kwenye chupa na ikae muda mrefu, kama walivyofanya Zimbabwe mwaka 2012 na Chibuku Super, ilibidi kwanza kuituliza kwa joto. Pakiti ile inakiri: mimi bado niko njiani. Ni adabu ileile ya mgema anayesema "haya ni ya asubuhi."

Kwa hiyo naona njia za uaminifu ni tatu. Ungoje mpaka ujue. Ao uuze kabla, lakini useme. Ao uache mdomo wazi, ili kitu chenyewe kiseme. Njia ya uongo ni moja: kufunga kwa nguvu juu ya kitu usichokijua, na kumpa mwingine akishike.

Na nje ya jikoni

Sitaki kuvuta mfano mbali sana, lakini wasomaji wa kitabu hiki ni walimu, wazazi na wazee wa familia, na kila mmoja wetu anafunga chupa zake. Familia inasema binti "yuko tayari" kwa ndoa: je, tulimsikiliza yeye, ao mahari ilifika katika mwezi wa haja? Shule inampa kijana cheti na kusema yuko tayari: je, tulipima siku tatu, ao siku moja iliyotufaa? Wazee wanasema ugomvi wa ndugu umekwisha, tufunge, tunywe: je, mtu aliyekuwa anaongea alimaliza kuongea? Mara nyingi kinachopasuka baadaye tunakiita bahati mbaya, kama mimi nilivyoita chupa yangu ya kwanza.

Tantine hakuniambia "nilikuambia." Alifagia kioo, na safari iliyofuata akaniita saa kumi na moja ya asubuhi nitege sikio pamoja naye. Tuliongeza kipimo kimoja ambacho nawashauri wapishi wote: jaza pombe ileile katika chupa moja ya plastiki ya soda, uifunge siku moja na zile za kioo, uiweke katikati yao. Kila asubuhi uibonyeze. Ikiwa laini kidogo, sawa. Ikiwa ngumu kama jiwe, zile za kioo ziko vilevile: usizishike kwa mkono mtupu, zifunike na gunia, zipozwe, zifunguliwe zote. Tuliiita shahidi. Densimeta tuliisoma siku tatu, na ulimi wa tantine ulikuwa na haki ya kukataa hata namba ikikubali. Na juu ya kila chupa tuliandika kwa kalamu siku ya kufungwa na jina la aliyefunga.

Jambo hilo la jina ndilo lililotuchelewesha zaidi. Kabla sijaandika langu nilikuwa natega sikio mara ya pili. Mara nyingi pombe ilikuwa bado inaongea, na tulilala usiku moja tena.